Skrubu Nne

Mtaani walimwita Pindo, kwa sababu ya pindo zake. Alikuwa fundi cherehani aliyeweza kupinda gauni la hariri usione uzi ulipopita. Kwa miaka kumi na minane aliketi dirishani kwake, miguu ikikanyaga cherehani, mdomo umejaa pini, akijibu salamu za wapita njia kwa nyusi tu.

Kisha mama yake akapata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa. Akili ikawa inaenda na kurudi, mwisho ikaenda moja kwa moja. Mama alikuwa na watoto wawili, Pindo na kaka yake, ambaye alikuwa msimamizi wa ghala katika mji wa mbali. Walikubaliana kwa simu kwamba Pindo, asiye na mume wala mtoto, ndiye atakayekaa na mama. Kusema kweli aliyekubaliana ni kaka. Pindo alisema tu, "Sawa, kaka." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwezi wa kwanza alishona mama akilala. Kufika mwezi wa tatu wateja walishachoka kuambiwa njoo kesho. Cherehani ikafunikwa shuka, ikasukumwa ukutani chumbani kwa mama, na juu yake zikapangwa nepi, dawa na beseni.

Kazi ikawa sakafu. Mama alimwaga uji, alimwaga chai, alivua nepi akaitupa kwa mkono wake mzima, kwa nguvu ambazo daktari angezifurahia. Pindo alipiga deki mara nne, mara sita kwa siku, akikamua dekio kwa mikono, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka na dawa ya sakafu ikaingia kwenye nyufa. Siku moja alishika sindano ashone kifungo chake mwenyewe. Hakuihisi.

Alimweleza kaka yake. Baada ya wiki mbili ukaja mzigo: ndoo ya deki yenye kikapu cha kuzunguka na pedali ubavuni. Unatia dekio kikapuni, unakanyaga, kikapu kinazunguka mbio na dekio linatoka limekauka. Kaka mwenyewe hakuja. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini Pindo alipoikanyaga pedali ile mara ya kwanza alicheka peke yake. Mguu wake uliikumbuka kazi.

Mama naye aliipenda. Alikuwa amemsahau Pindo kabisa. Alimwita Dada, akidhani ni dada yake mkubwa aliyefariki zamani. Kikapu kilipoanza kuvuma alikuwa akisema, "Dada, tena." Basi Pindo alikuwa akikanyaga tena, hata kama kikapuni hamna kitu.

Ndoo ilidumu miezi saba. Asubuhi moja pedali ilishuka, ikakaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Pindo aliivuta juu kwa mkono, akakanyaga. Ikashuka, ikakaa. Kikapu kiligeuka nusu duara, kikakwama kwa sauti ya kusaga.

Akampigia kaka yake.

"Tupa hiyo, nitanunua nyingine," kaka alisema. Nyuma yake watu walikuwa wakipigiana kelele za kupakia mizigo.

"Lini?"

"Mwezi ujao, nikitulia. Mama hajambo?"

"Yuko vilevile. Kaka, ungekuja hata siku moja tu, umwone."

"Nitakuja. Si unazijua kazi zetu hizi?"

Pindo akarudi kukamua kwa mikono. Siku ya tatu nyufa zilitoa damu, akamwita dirishani jirani yake, fundi baiskeli mzee aliyeitwa Spoku. Mzee akaja akijifuta grisi, akaipindua ndoo, akaichungulia.

"Ina pedali, haina usukani," alisema. "Hii ni baiskeli iliyofia tumboni."

"Itapona, mzee wangu?"

"Springi ya pedali imekatika. Na hapa kwenye ekseli pamejaa manywele, ndiyo maana gia inasaga. Meno bado mazima. Springi zangu mimi ni nene, zitapasua hii plastiki. Tafuta ndefu, nyembamba, halafu ifungue mwenyewe. Kwani wewe si fundi?"

Springi ndefu, nyembamba. Pindo alijua ilipo. Aliifikiria wakati wote alipokuwa akimlisha mama uji wa saa nne, kijiko kwa kijiko. Walipomaliza alifunua shuka, akafungua kichwa cha cherehani, akatoa springi inayobana kile kiguu cha kushikilia kitambaa. Cherehani isiyo na springi hiyo haishoni.

Mama alikuwa akimtazama kutoka kitandani.

"Dada, unaua nini?"

"Siui kitu, mama. Natengeneza ndoo. Lala kidogo."

Akampangia mito miwili upande wa nje wa kitanda, akatoka uani na bisibisi, koleo na kopo la grisi.

Aliipindua ndoo juu ya gunia. Kifuniko cha chini kilishikwa na skrubu nne. Akazitoa, akazipanga kwenye kifuniko cha kopo zisipotee. Ndani, springi ilikuwa vipande viwili vyenye kutu. Kwenye ekseli nywele zilijisokota zikawa ngumu kama kamba: mvi za mama, nywele zake mwenyewe nyeusi, nyuzi za dekio. Alizikata kwa wembe, akazichomoa na kibano taratibu, kama anayefumua mshono. Springi mpya ilizidi kwa urefu wa kidole. Akaikata kwa koleo, akapinda ncha. Alipoitia mara ya kwanza iliruka, ikagonga ukuta, akaisaka kwa magoti. Ya pili ikakaa.

Jua lilikuwa mgongoni. Hapo nje hapakunuka mkojo. Akajikuta anaimba kwa pua, kitu ambacho hakukifanya tangu afunike cherehani, na mikono yake, pamoja na nyufa zake, ilijua cha kufanya kabla yeye hajaiambia. Akabonyeza pedali kwa kiganja. Ikashuka, ikarudi. Akabonyeza tena, kwa raha tu.

Ndipo mama alipoita. "Dada!"

"Nakuja!"

Zilibaki zile skrubu nne. Akiacha, kifuniko kitaachia, springi iruke tena. Akafunga ya kwanza.

"Dada!"

"Nakuja mama, dakika moja!"

Akafunga ya pili. Ya tatu ilikuwa inazunguka bure, akatia uzi kwenye tundu ili ipate kushika. Alikuwa kwenye ya nne aliposikia kishindo, si kikubwa, kama mtu ametua gunia la nguo. Alijiambia ni mlango wa jirani. Akaikaza ya nne mpaka mwisho.

Mama alikuwa sakafuni, mto mmoja chini yake. Mguu umegeukia nje, umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Hakuwa akilia.

"Nimekuita," alisema.

Hospitalini walimwambia nyonga imevunjika na mwili hauna nguvu ya kuhimili upasuaji. Pindo alikaa kwenye benchi la wodi siku tisa. Siku ya sita kifua cha mama kilianza kukoroma. Siku ya kumi asubuhi, wauguzi wakibadilisha shuka, alifariki.

Kaka alifika jioni ile. Alikuwa amenenepa. Alilia mlangoni kwa sauti mpaka Spoku akamshika mabega. Baada ya maziko, watu walipotawanyika, ndugu hao wawili walibaki chumbani kwa mama, godoro limeshakunjwa.

"Wodini wameniambia alianguka," kaka alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Pindo alikuwa na majibu mengine. Jikoni. Chooni. Nani angebisha?

"Nilikuwa uani natengeneza ndoo. Aliniita mara mbili. Nikamalizia skrubu kwanza."

"Ndoo?" Kaka alimkazia macho. "Si nilikwambia nitanunua nyingine?"

"Ulisema."

Kaka hakufoka. Laiti angefoka, Pindo angejua pa kushika. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akaitazama mikono ya dada yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mimi je, alikuwa ananiulizia?"

"Hapana, kaka. Hata mimi hakunijua."

Kesho yake kaka aliondoka. Pindo alipata kazi katika karakana ya sare za shule, kwenye cherehani za umeme, safu ya tatu, kazi yake ni kutia mikono ya mashati tu, mashati ya watoto asiowajua, kutwa nzima. Siku hizi kaka hupiga simu kila Jumapili, jambo ambalo hakulifanya mama alipokuwa hai. Huuliza hali, Pindo husema nzuri. Kisha hunyamaza wote wawili, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, na hakuna anayekata.