Kamera ya Pili na Jibu la Kioko

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilipewa waya mnene, nikaambiwa nitembee nao nyuma ya mpiga kamera. Kazi hiyo tuliiita kuvuta nyaya. Mpiga kamera akisonga mbele unamwachia waya. Akirudi nyuma unaukusanya kabla hajaukanyaga. Ukiukaza, picha inatikisika. Ukiulegeza mno, mtu anaanguka mbele ya waziri. Mkuu wa Studio, mzee aliyevaa tai hata Jumamosi, alinitazama asubuhi nzima. Wakati wa chai aliniuliza nimesoma hadi wapi.

"Kidato cha pili, mzee."

"Mbona ukaacha?"

"Baba na mama walifariki. Nina wadogo wangu nyumbani."

Alikoroga chai yake taratibu. "Hapa hakuna darasa. Angalia wenzako. Ukiona mtu anafanya jambo, jua kwa nini analifanya. Ukishajua, usimsumbue kwa maswali."

Wakati huo tulikuwa tumehama mtaa wa Makongeni. Nyumba yetu ya pale ilikuwa ya kazi ya baba, na kazi ilipokwisha ikabidi tuiachie familia nyingine. Tulipanga chumba mtaa wa Kaloleni, mimi na wadogo wangu: Nekesa anayenifuata, na wavulana wawili. Nekesa alikuwa na kichwa chepesi darasani. Nilimwambia asome, nami nitavuta nyaya. Hatukulijadili zaidi ya hapo.

Kutoka kwenye nyaya nilipelekwa kitengo cha habari, kubeba mguu wa kamera na betri. Mhariri wa Habari alikuwa mkali kama pilipili. Ukirudi na picha ya kupendeza ya tukio lililokwisha, alikuwa akisema, "Sitaki picha nzuri. Nataka picha iliyofika." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya mpiga kamera. Nilijifunza kufika kabla ya jambo. Mtu anayetaka kulia huvuta pumzi kwanza, na anayetaka kurusha jiwe huangalia nyuma yake. Ukingoja chozi au jiwe, umechelewa.

Baadaye niliwekwa kwenye gari la matangazo ya nje, lile gari kubwa lenye vioo vya picha ndani yake, tukazunguka viwanja vya mpira na sherehe za kitaifa. Nilipoanza kuumwa na magoti, Mkuu wa Studio wa wakati huo, tayari wa tatu tangu niajiriwe, alinirudisha ndani. Alisema, "Wafula, huku hakuna mvua wala mashabiki." Akanipa kamera ya pili katika kipindi cha chemsha bongo cha Jumapili.

Vijana wengi mnaokitazama kipindi cha namna hiyo hamjui kinavyotengenezwa, kwa hiyo nieleze. Kulikuwa na kamera tatu zenye magurudumu. Ya kwanza ilimtazama mtangazaji, ya tatu ilimtazama mshiriki. Ya pili, yangu, ilikuwa ya watu: hadhira, na hasa jamaa za mshiriki waliokaa safu ya mbele. Mwongozaji hakuwa nasi ukumbini. Alikaa chumba cha juu, mbele ya vioo vyote, na karatasi ya majibu mkononi. Tulimsikia kwenye visikizio masikioni mwetu. Yeye ndiye aliyeamua picha ya nani iende kwa watazamaji.

Mshiriki alisomewa swali na majibu manne. Aliruhusiwa kufikiri kwa sauti, na hata kutaja jibu na kulikataa. Jibu lilihesabiwa tu akisema neno moja: "Nafunga." Washiriki wengi walikuwa wakitembea juu ya majibu hayo kama mtu anayejaribu viatu sokoni. "Labda hili. Hapana. Labda lile."

Sasa, sura ya mama anayeona mwanawe ameshinda hukaa kitambo kidogo sana. Mwongozaji alijua hivyo. Kwa hiyo mshiriki alipotaja jibu lililo sawa na sauti yake ikaanza kutulia, nilisikia sikioni, "Mbili, nenda kwa jamaa." Nilizungusha kamera na kungoja. Mshiriki aliposema "Nafunga" na mtangazaji akamthibitishia, mimi nilikuwa nimeshafika. Kipindi chetu kilisifiwa kwa sura zile. Wakubwa kutoka stesheni nyingine walikuja kuuliza tunafanyaje.

Ndipo akaja Kioko.

Alikuwa mchonga vinyago kutoka mtaa wa Pipeline, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyevaa koti la kuazima. Zawadi kuu ya msimu ule ilikuwa nafasi ya masomo: mtoto mmoja wa mshindi angelipiwa chuo hadi amalize. Kioko alikuja na binti yake, Mbithe, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kutaka kusomea uuguzi. Alifaulu, lakini barua ya chuo ilikaa nyumbani kwa kukosa karo. Aliketi safu ya mbele, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani.

Kioko alijibu vizuri kuliko tulivyotarajia. Swali la mwisho lilikuwa hili: kati ya Togo, Benin, Burkina Faso na Gambia, ni nchi gani isiyo na pwani? Kioko alikuna kidevu. "Gambia ni nyembamba, lakini nadhani ina bahari. Togo... hapana, sijui. Benin..." Akainua kichwa. "Burkina Faso."

"Mbili, nenda kwa jamaa."

Nikazungusha kamera kwa Mbithe. Kioko akarudia, mara hii kwa nguvu, "Burkina Faso. Nafunga." Ukumbi ukalipuka. Mbithe alijifunika uso kwa mikono, na picha yangu ilikuwa ya kupendeza.

Jamaa walipelekwa chumba cha wageni kunywa soda. Sisi tukaitwa juu. Mtayarishaji, ambaye ndiye mwenye kipindi na mwenye kusimamia kanuni zake, alikuwa mwanamke mtulivu asiyepandisha sauti. Alirudisha kanda na kuisimamisha.

"Tazameni macho yake," alisema.

Tulitazama. Katika maswali yote ya mwisho, Kioko alipotaja majibu, macho yake yalikwenda kushoto, kwenye kamera yangu. Ilipotulia, alitaja jibu jingine. Ilipozunguka, alifunga.

"Wafula, kamera yako iligeuka kabla hajafunga au baada?"

"Kabla, mama."

"Nani alikuambia?"

"Mimi," alisema Mwongozaji. "Ndivyo tunavyofanya kila wiki. Nikingoja afunge, nitapata watu wameshaketi."

"Basi mtu huyu amedanganya, na sisi tumemsaidia."

Otieno, fundi wa sauti, hakuweza kunyamaza. "Amedanganya vipi? Ana simu? Kuna mtu amemkonyezea? Madam, sisi ndio tumempelekea jibu kwa magurudumu! Kama kuangalia ni wizi, mitaa yote ya Eastlands tufungwe."

"Mwezi jana kuna mwalimu alishindwa swali la mwisho kwenye kiti kile kile," Mtayarishaji alijibu. "Hakuiangalia kamera. Alikuwa akifikiri. Nimpigie simu nimwambie nini, Otieno? Kwamba angegeuza shingo?"



"Mwenye hofu huangalia popote," Mwongozaji alijaribu. "Hata feni anaiangalia."

"Muulizeni mwenyewe," nilisema. Kila mtu alinigeukia, kwa sababu si kawaida ya mpiga kamera kutoa ushauri chumba cha juu. Lakini sikuona busara ya kuhukumu macho ya mtu aliyekuwa akinywa soda ukuta wa pili.

Kioko aliletwa. Mbithe alimfuata bila kuitwa, na hakuna aliyemzuia. Mtayarishaji alimwonyesha kanda, akamuuliza kama alikuwa akiangalia kamera.

"Nilikuwa naiangalia," alisema Kioko.

"Unakubali?"

"Nikatae nini, mama, na macho ni yangu? Mimi nachonga. Kazi yangu ni kuangalia. Asubuhi kijana wenu alituambia tusitazame hadhira, tusiguse simu, na tuzizoee kamera tusiziogope. Nikazizoea. Kwenye swali la tatu nikaona, kila nikitaja lililo sawa, ile moja inageuka kwa Mbithe kama mbuzi wa soko la Kiamaiko aliyeona majani."

Otieno alicheka, kisha akakohoa.

"Kwa hiyo hukujua Burkina Faso."

"Nilikuwa naelekea huko. Kamera ikanisindikiza."

"Hiyo si kujua, Mzee Kioko."

"Na si kuiba. Mtu akiniwashia taa njiani, nifumbe macho ndiyo nionekane mwaminifu?"

Nawaambieni, nilikuwa upande wake. Niliwatazama wenzangu na kuona Mwongozaji naye yuko upande huo, ingawa labda kwa kuokoa jina lake. Mtayarishaji alishika kalamu bila kuandika. Alikuwa na uwezo wa kumfukuza Kioko au kumpa ushindi, na alionekana hapendi yoyote kati ya hayo mawili.

Ndipo Mbithe akasema, "Baba."

"Ee, mama."

"Ulijua, ama uliona kamera ikinijia?"

"Si nimeshawaambia?"

"Umewaambia wao. Mimi nakuuliza."

Kioko alimgeukia binti yake. "Nilikuwa nadhani," alisema. "Si kujua. Nilikuwa nadhani."

"Basi aulizwe lingine," Mbithe alimwambia Mtayarishaji. "Kamera zikiwa zimesimama. Mimi ndiye nitakayekaa kwenye hicho kiti cha chuo. Sitaki kila mtihani nikifanya nijiulize nilifikaje."

"Mbithe, wewe mtoto," Kioko alisema kwa sauti ya chini, "hii milango haifunguki mara mbili."

"Najua, baba."

Mtayarishaji alikubali. Kanuni zilimruhusu kurudia swali ikiwa mitambo ilimwathiri mshiriki, na hapo, alisema, mitambo ilikuwa imemwathiri kweli. Hadhira iliambiwa kuna hitilafu, nayo ikakaa tena. Mwongozaji alituagiza tukaze kamera. Kuna vishikizo viwili chini ya kichwa cha kamera. Ukivikaza, haiendi juu, chini wala kando. Nilivikaza hadi vidole vikauma.

Swali jipya liliuliza mji mkuu wa Madagaska. Mtangazaji alisoma majibu manne. Kioko aliyataja moja moja, polepole, na kwa mazoea macho yake yakaja kwangu. Kamera haikusogea. Aliitazama kama mtu anayemtazama rafiki aliyekataa kumsalimia, kisha akatabasamu kidogo. Kwa kanuni zetu, aliyebahatisha na kukosa aliondoka mikono mitupu. Aliyekiri kushindwa alipata zawadi ndogo, runinga.

"Sijui," alisema Kioko. "Nafunga hapo."

Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mbithe. Picha yake hatukuipata. Kamera yangu ilikuwa imekazwa.

Kipindi kiliporuka hewani, Pipeline iligawanyika. Kuna waliosema tulimbadilishia swali ili tumnyime. Kuna waliosema kushindwa kwake ni ushahidi kwamba hata mengine hakuyajua. Hili la pili sikulikubali wakati huo na silikubali leo: kutojua Madagaska hakumaanishi mtu hajui Burkina Faso. Lakini watu wanapenda ushahidi unaofika kwa urahisi. Watoto wa ploti yao, vile vyumba vya kupanga, walimpa jina, wakawa wanamwamkia njiani, "Niaje, Nafunga!" Naye aliwajibu kwa furaha, kwa maana hakuwa mtu wa kununa.

Mbithe alikaa nyumbani, akimsaidia baba yake kupiga msasa vinyago. Alijiunga na chuo akiwa amechelewa, kwa mlango ule wa kawaida wa kuomba na kukataliwa na kuomba tena. Nilipokutana na Kioko karibu na kituo cha mafuta, aliniambia binti yake amekonda kwa kusoma. Alilisema kwa malalamiko, lakini hakuweza kuficha meno.

Kipindini tulibadilisha utaratibu. Kamera ya pili haikugeuka tena kabla ya neno "Nafunga". Tulipoteza sura nyingi nzuri. Mara nyingi nilifika mama ameshafuta machozi na anatafuta mkoba wake. Mwongozaji alilalamika hadi siku aliyohamishwa. Mtayarishaji alimwambia, "Watazamaji watavumilia." Wakavumilia. Nyinyi mnaoingia kazi hii mtafundishwa kufika mapema, na ni fundisho zuri. Lakini jiulizeni pia ni nani anayewaona mkifika.

Nimestaafu sasa. Wavulana wetu wana familia zao, na Nekesa ni mwalimu, anaishi mtaa wa Tassia, ambako mimi huenda baada ya ibada. Jambo la Kioko tumelibishania miaka yote hii. Mimi husema hakudanganya: hakuvunja kanuni, hakumtuma mtu, aliona kilichowekwa mbele yake. Nekesa husema Kioko alijua hakikuwekwa kwa ajili yake, na hiyo inatosha. Hakuna aliyewahi kumshawishi mwenzake.

Jumapili iliyopita aliniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Kaka, ungekuwa wewe kwenye kile kiti, na nafasi ya chuo ni yangu, ungeiangalia kamera?"

"Ningeiangalia," nilisema. "Bila kupepesa."

"Najua. Na mimi ningekuuliza kama alivyouliza Mbithe."

"Baada ya yote niliyofanya usome?"

"Kwa sababu ya hayo, kaka," alisema Nekesa, akanisogezea sahani ya ndizi.