Chapa ya Ukurasa wa Tisa

Kabla ya mwaka wa sitini na saba, Korane Nunow alikuwa akiandika vibao vya maduka ya Garissa: sukari hapa, vitambaa pale. Usanii wenyewe ulikuwa huo tu. Lakini kumjua ngamia, alimjua. Hakuanza na kichwa wala nundu kama wachoraji waliosoma. Alianza na chapa ya shingoni, ile alama ya ukoo inayochomwa kwa chuma cha moto, kisha ndipo akaizungushia mnyama. Mchungaji naye humtazama ngamia hivyo hivyo. Kwanza ni wa nani, miguu utahesabu baadaye.

Basi akaja afisa wa habari kutoka Nairobi, kijana wa soksi ndefu, na kitabu alichoandika kuhusu vijiji vipya, vile ambamo watu walizungushiwa seng'enge kwa sababu ya vita vya shifta, wale waasi wa msituni. Kitabu cha ukweli mtupu, alisema. Ukweli huo aliupata wapi, Mungu ndiye ajuaye, maana ngamia alikuwa amewaona kupitia kioo cha Landrova. Ukurasa wa nne aliandika kwamba ngamia hunywa maji kila asubuhi. Korane alisoma, akafunua ukurasa wa tano. Siku hizo mtu hakuwa na haja ya kusahihisha serikali. Afisa alitaka katuni kumi na mbili. "Ziwe za kuchekesha," alisema, "maana watu wenu hawasomi."

Korane alikaa siku sita kwenye veranda ya ofisi. Asubuhi alikwenda soko la mifugo kutazama jinsi mtu anavyolaza fimbo mabegani, akarudi kuchora kwa penseli, akafuta, akachora tena, na alasiri akapitisha wino. Nyuso aliziazima kidogo kidogo. Shifta wa ukurasa wa tisa alimpa pua ya mchinjaji, masikio ya karani na kidevu ambacho hakikuwa cha mtu yeyote, ili asije akakamatwa maskini wa watu kwa sababu ya katuni. Alihangaika na mtu, akamsahau ngamia. Mkono ulijiendea wenyewe kama ulivyozoea: nusu duara, na kijiti kilichosimama kando yake. Hiyo ilikuwa chapa ya abti Bare, ndugu wa mama yake, mzee aliyemlea.

Afisa akaweka kidole papo hapo. "Hii ni nini?"

"Chaba, bwana. Kila ukoo iko na yake."

"Chapa. Sema chapa." Afisa alicheka, kisha akaacha kucheka, akatazama tena. "Safi sana. Iache hivyo hivyo. Askari wakikuta ngamia wa alama hii visimani, watajua ni wa shifta." Akatia sahihi chini ya kila mchoro, herufi kubwa zenye mikia, akaenda kula.

Abti Bare alikuwa amebakiwa na ngamia kumi na tisa, huko Balambala, na askari waliokuwa wakipita visimani hawakuwa na desturi ya kuuliza mara mbili kabla ya kupiga risasi. Korane alikuwa amekunywa maziwa ya ngamia hao tangu hajaota meno. Alimchukia yule kijana, lakini mkono wake mwenyewe aliuchukia zaidi.

Kesho yake alirudi mapema. "Wino haijakauka vizuri, bwana. Itachafua huko Nairobi."

"Haraka basi, dereva anangoja."

Landrova ilikuwa imeegeshwa mbele ya veranda, kibao cha namba kikimtazama. GK, kama magari yote ya serikali. Korane aliitazama, akatazama mchoro wake. Ile nusu duara ilihitaji kikono kimoja cha ndani, na kile kijiti mikono miwili midogo. Kazi ya dakika moja. Afisa aliifunga michoro kwenye bahasha bila kuiangalia. Alikwishaitia sahihi, na kwa watu wa aina yake sahihi ndiyo macho.

Vitabu vilirudi elfu tatu. Kuanzia Masalani hadi Habaswein, watu wasiojua herufi hata moja walizijua hizo mbili, G na K, kwa sababu zilikuwa kwenye malori ya serikali yaliyobeba mifugo yao. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Askari walizunguka visima vyote wakitafuta ngamia wa shifta, kitabu mkononi, wasimpate. Abti Bare alipoonyeshwa ukurasa wa tisa aliuliza kama ngamia huyo hunywa maji au petroli.

Mwishowe afisa mwenyewe akaja, kitabu kimekunjwa pale pale. Kumshtaki Korane hakuweza. Sahihi yake ilikuwa chini ya mchoro, imechapishwa vizuri na mikia yake yote. Aliweka kidole.

"Hii ni nini?"

"Chapa," alisema Korane, na mara hii p ilitoka bila kasoro. "Kila ukoo una yake."