Gurudumu la Tano la Gari la Mama

Gari tulilokuwa tunaendesha Goma halikuwa letu. Lilikuwa la mama yangu, mfanyabiashara wa Butembo aliyesafirisha maharage na mawese miaka mingi, mpaka mgongo ulipoanza kumsumbua. Alituachia jipu lake kuukuu, lililotoka Amerika likiwa tayari limechoka. Alituambia tulitumie tunavyotaka, ila lisiuzwe, lisikodishwe, wala kitu chake chochote kisitoke bila yeye kujua. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa Rutshuru, mpole. Alimheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba hata akizungumza naye kwa simu alikuwa anasimama.

Taa ilianza kuwaka muda mfupi baada ya mlima wetu wa volkano kulipuka. Ilikuwa taa ndogo ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa katikati. Kila tukiwasha gari ilipepesa kwa muda, kisha ikatulia ikabaki inawaka safari nzima. Barabara zetu za mawe ya volkano zinakula matairi, kwa hiyo mwanzoni mume wangu alikuwa anashuka kila asubuhi na kupima upepo. Upepo ulikuwa sawa. Baada ya hapo tuliizoea ile taa.

Mama hakuizoea. Alipokuja kututembelea, alikaa kiti cha mbele, akaitazama kutoka kwetu Katoyi mpaka sokoni.

“Taa hii iko inasema nini?”

“Iko inadanganya, Mama,” mume wangu akamjibu.

“Gari yangu haidanganyake.”

Hiyo ndiyo ilikuwa ziara yake ya mwisho kabla waasi hawajauchukua mji. Baada ya hapo uwanja wa ndege ulifungwa, na barabara ya kwenda kwao ikawa na upande huu wa waasi na upande ule wa serikali. Mama alibaki Butembo, sisi Goma. Alitupigia simu kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa anauliza kama tumekula, kama watoto wanasoma, kama risasi zimenyamaza, na mwishoni kabisa aliuliza habari ya taa. Nadhani katika yote aliyotuuliza, hilo ndilo peke yake ambalo mtu angeweza kulitengeneza.

Kwa hiyo tuliamua kulitengeneza. Tulikwenda kwa kwado, fundi wa matairi mwenye kibanda chake karibu na Katindo, mtu mzima aliyependa kusikiliza redio akifanya kazi. Alitoa tairi moja kwenye rimu, akatuonyesha kidude cheusi kilichoshikana na valvu, ndani, mahali ambapo sikuwahi kufikiria kuna kitu.

“Hii ndiyo kapteri,” akasema. “Inapima presiyo ya upepo, halafu inaiambia gari. Ndani kuna betri. Betri ikikufa, haibadilishwake. Unatupa yote.”

Alitufundisha pia kusoma ile taa. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, tairi limepungua upepo. Ikipepesa kwanza ndipo itulie, gari linatafuta kapteri na haliipati. Yetu ilikuwa inapepesa.

Tuliagiza kapteri nne kwa mama mmoja anayeleta bidhaa za Dubai kupitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Zilikawia, kwa sababu siku hizo mpaka ulikuwa unafungwa mapema. Zilipofika, kwado alizifunga zote, akamwita fundi umeme mwenye kifaa cha kusomea gari. Kifaa hakikuona hata moja. Fundi umeme aliigeuza ile pakiti akasoma nyuma yake, akatueleza kwamba gari letu, kwa kuwa ni la Amerika, linasikiliza mawimbi mengine. Hizi tulizoleta zilikuwa zinaongea, ila gari halikuwa linazisikia. Tukazirudisha, tukaanza kungoja upya.

Za pili zilikuwa zenyewe. Fundi umeme aliziandikisha namba zake kwenye kompyuta ya gari, na safari hii kifaa kilionyesha magurudumu manne, kila moja na upepo wake. Niliwasha gari. Taa ikapepesa, ikatulia, ikabaki inawaka.

Fundi umeme alitazama kifaa chake kwa muda. “Gari hii iko inatafuta kapteri ya tano,” akasema. “Aina hii, hata pine ya sekuru ina yake. Muishushe tuone.”

Tairi hilo la akiba, ndilo aliloita pine ya sekuru, lilikuwa limening’inia chini ya gari, upande wa nyuma.

“Iacheni,” mume wangu akasema. “Leo tumechoka.”

Sikuwa nimechoka. Nilimwambia kwado alishushe. Liliposhuka, niliona rimu ya chuma iliyoliwa na kutu, na tairi jembamba kuliko mengine. Magurudumu ya Mama yote ni ya kung’aa. Nakumbuka siku alipolinunua gari alituonyesha yote moja moja, pamoja na hilo la chini. Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama barabarani.

“Tuende kwanza,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Nitakuelezea.”

Hatukufika nyumbani. Alisimamisha gari kando ya ukuta, akazima injini, akanieleza.

Ilikuwa siku zile za baada ya mlima kulipuka, ardhi ilipokuwa inatetemeka bila kukoma na sisi tukaambiwa tuondoke mjini. Tuliachana asubuhi hiyo. Mimi niliwachukua watoto tukavuka kwa miguu kwenda Gisenyi kwa shemeji yangu. Yeye alimpakia shangazi yake, ambaye hakuwa na karatasi za kuvukia wala miguu ya kutembelea, akashika barabara ya Sake. Baada ya Mugunga magari yalikwama. Mbele yake kulikuwa na jipu kama letu, limepasuka tairi katikati ya barabara, na mwenyewe amesimama kando bila tairi la akiba. Nyuma watu walikuwa wanapiga honi na kutukana. Ndani alikuwa amelala mzee, baba yake yule bwana, na chupa ya serumu, ile dripu ya hospitali, imefungwa kwa kitambaa juu ya dirisha.

“Nilishusha pine ya Mama nikamupatia,” mume wangu akasema. “Tundu za rimu zilikuwa sawa. Tuliifunga pamoja. Aliniambia, ‘Nitakurudishia Goma.’ Akaniachia namba.”

“Na baadaye?”

“Nilipiga, simu haikupita. Nikatafuta hii ya chuma kwa wauza rimu, nikaitundika.”

“Mbona hukuniambia mimi?”

“Ungemuambia Mama.”

Ningemwambia kweli. Gurudumu lenyewe halikuniuma. Nilichokuwa nakifikiria ni kwamba sikuwahi kumuuliza Sake ilikuwaje. Tuliporudi nyumbani tulikuta ukuta una nyufa na mji hauna maji, tukaanza kazi, na siku zile zikabaki nyuma yetu kama vile tulikuwa tumezipitia pamoja. Hakujua kwamba mtoto wetu mdogo kule Gisenyi alikataa kulala ndani ya nyumba, nikalala naye nje kwenye majani, nimemfunika kwa kitenge. Hakujua kwamba nilikuwa natazama wekundu wa anga juu ya mlima na kusema moyoni kwamba yeye pengine amekufa. Nilimwambia hayo palepale ndani ya gari. Na yeye akanieleza jinsi shangazi alivyosali njia nzima kwa Kinyarwanda bila kunyamaza, hadi akatamani kumwomba apumzike.

Jumapili Mama alipopiga, mume wangu aliniomba simu. Alisimama katikati ya sebule akamweleza yote. Alikuwa amefungua spika, nami nilisikia.

“Yule muzee alifika?” Mama akauliza.

“Sijue, Mama.”

“Hukumutafuta?”

“Nilipiga mara moja. Haikupita.”

“Mara moja,” Mama akarudia. Kisha akasema, “Kupatia mutu pine, ulifanya muzuri. Hata mimi ningepatia. Kunificha ndiyo sikupenda. Miaka hii yote nalaumu gari yangu bure.”

“Unisamehe, Mama.”

“Piga tena ile namba.”

Ilikuwa bado kwenye simu yake. Aliipiga jioni hiyohiyo, na safari hii iliita. Alipokea mwanamke, sauti changa, akasema namba ni yake tangu mwaka uliopita na bwana huyo hamjui. Mume wangu alimweleza hata hivyo: jipu, mzee, barabara ya Sake. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, na kwamba hata wao walikimbilia Sake siku hizo, lakini wao walikwenda kwa miguu.

Tulipata rimu nzuri na kapteri ya tano baada ya wiki nyingi. Fundi umeme aliandikisha namba yake, nikawasha gari, taa ikawaka kidogo pamoja na nyingine zote, kisha ikazimika. Kwado alicheka akarudi kwenye redio yake.

Iliwaka tena asubuhi moja tukiwapeleka watoto shule, moja kwa moja, bila kupepesa. Mume wangu alisimamisha gari, akapiga magoti, akakuta msumari kwenye tairi la nyuma. Tukafunga la akiba, watoto wakachelewa.

Mama bado yuko Butembo. Juzi amesema anafikiria kuja kwa kuzungukia Uganda, mgongo ukimruhusu. Ameuliza kama maharage ya kwao yanapatikana siku hizi Goma, au aje nayo.