Mtungi Aliotoboa Victoire

Siku watu wa mtaa walipomlilia Amisa, Amisa mwenyewe alikuwa Lusangi, anakula bukari na sombe, mzima kabisa.

Na aliyewaliza ni mkamwana wake.

Sikia basi.

Victoire ni mtoto wa mji wa Kasongo, ameolewa Kabambare na Asani. Ana ugonjwa mmoja tu: maua. Akiona kopo, bidoni iliyopasuka, sufuria iliyochoka, yeye anaona bustani.

"Siku moja nitakuta umepanda maua ndani ya kiatu changu," Asani alimtania.

"Cha kushoto kimeshaota."

Lakini mlangoni alitaka chombo cha heshima. Bidoni ya mafuta haikaribishi mgeni. Akazunguka, akachungulia jikoni kwa mama mkwe wake, Amisa, aliyekuwa amekwenda Lusangi kumtunza binti yake aliyejifungua.

Pale ukutani, mtungi wa udongo. Tumbo la mviringo, shingo yenye michoro. Mtupu.

"Unakaa bure tu," Victoire akajiambia.

Tatizo moja: haukuwa na tundu chini, na maji yakituama, mizizi inaoza. Akachukua msumari, akauzungusha polepole. Tundu likatoka safi, bila ufa. Akajaza udongo mweusi, akapanda maua mekundu, akauweka mlangoni.

Jamani, ulipendeza!

Kesho yake jirani yao, Consolée, alipita. Akaona maji yanachuruzika chini ya mtungi. Beseni likamponyoka kichwani.

"Yoo! Amisa! Umetuacha!"

Wanawake wakamiminika, vitambaa kichwani. Wengine wakajitupa chini. Mzee Mahamudu akaleta mkeka.

Victoire akamshika Consolée mkono. "Kuna nini?"

"Weye ndiye unatuuliza? Kwetu mutungi wa mwanamuke unatobolewa siku anakufa, mutu mwingine asinywee mule. Nani alitoboa? Habari ilitoka Lusangi?"

Hapo lilitakiwa neno moja tu. Ni mimi.

Victoire akatazama zile nyuso zilizolowa. Akaona aibu.

"Sijui," akasema.

Basi vilio vikapanda. Kwa kuwa Asani alikuwa safarini, Hemedi, kijana wa jirani, akawasha pikipiki yake kwenda Lusangi kuuliza habari za mazishi. Victoire akachemsha chai, akawagawia waombolezaji, mikono ikimtetemeka.

"Pole, mutoto," Consolée akamwambia. "Alikupenda."

Kila pole ilimchoma kama kaa la moto.

Jioni pikipiki ikarudi. Nyuma ya Hemedi ameketi marehemu, vumbi hadi kwenye nyusi, amenuna.

Watu walitimka! Mahamudu aliruka ua kama kijana.

Amisa akashuka. Akautazama mtungi kwa muda. Marehemu mama yake ndiye aliyemfinyangia. Waliobaki wakasubiri amtaje mtu.

"Ni miye nilitoboa, mbele ya kwenda Lusangi," akasema. "Ulikuwa unaanza kuvuja. Sasa munanilia nini? Mahamudu, toka kule nyuma, hakuna muzimu hapa!"

Kicheko kikalipuka. Watu wakaenda zao wakisimuliana.

Victoire akashusha pumzi. Ameokoka! Akamfuata Amisa ndani, akapiga magoti.

"Mama, unisamehe. Sikujua desturi yenu. Nilitaka kupamba mlango tu."

"Ya mutungi nimeisamehe palepale mlangoni. Ulikuwa hujue." Amisa akamwinua. "Na weye, ulinililia?"

"Hapana, Mama. Nilijua uko mzima."

Amisa akamtazama.

"Ulijua," akasema taratibu. "Wamama wakagaragara chini, na weye ukawa unawapa chai."

Victoire akaenda kukusanya vikombe vya chai.

Ndugu msomaji, ukikitamani chombo cha mtu kwa ajili ya maua yako, muulize mwenyewe kabla hujashika msumari. Na ukikosea, sema palepale, kosa likiwa bado dogo na watu wanaweza kucheka. Victoire alichelewa, na sasa hawezi tena kusema, maana akisema atamfanya Amisa kuwa mwongo mbele ya mtaa mzima.

Kwa hiyo deni hilo analilipa kwa kumsaidia Consolée. Anamtekea maji, anamtwangia muhogo, hata akiwa amechoka.

"Eh, weye Victoire," Consolée humwambia, "uko na roho nzuri. Nilikuona siku ile. Chai ulitupa kwa mikono inatetemeka, juu ya uchungu wa mama mukwe."

Naye huinamisha kichwa na kuendelea kutwanga.