Punje ya Kulwa

Nilipokuwa mtoto niliogopa mlango mmoja tu mjini Shinyanga, mlango wa jumba la mawe ambalo siku hizi ni makumbusho. Juu yake zimechongwa nyuso mbili zinazofanana, zimezungukwa na majani ya mawe. Bibi, aliyetutoa kijijini Didia kila siku ya mnada kwenda mjini kuuza karanga, alituambia ni mapacha wa zamani. Nasi tulikuwa mapacha, kaka yangu Kulwa na mimi Doto.

"Wasalimieni, macho chini," alisema Bibi. "Mkubwa hakodolewi macho."

Tuliinama, tukaamkia, kila mmoja akaweka punje ya karanga kizingitini, maana cha pacha hutolewa viwili. Sijui panya wa mle ndani walinenepa kiasi gani kwa ajili yetu.

Mwaka mmoja Kulwa alilazwa hospitali, mwili unachemka. Bibi akanipa punje mbili, yangu na yake, nikaziweke peke yangu. Njaa iliniuma, nikaila ya Kulwa. Kisha, kwa woga wa mwizi, nikainua macho kwa mara ya kwanza. Uso mmoja haukuwa na pua wala mdomo. Ulikuwa umemeguka.

Siku ya tatu Kulwa alifariki. Bibi aliamini pacha haliliwi, asije akamwita mwenzake, hivyo akanishika mkono mazishini.

"Usilie, mjukuu wangu. Nyamaza."

Nikanyamaza. Niliona hata haki ya kulia sina.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu kwenye makumbusho hayo. Ukutani nikakuta picha ya mlango ule.

"Hii ilipigwa kabla ya uhuru, mama," mhudumu alinieleza.

Nikasogea. Uso wa kushoto ulikuwa umemeguka tayari, vilevile, kabla hata hatujazaliwa. Hatukuwahi kuuona kwa sababu tuliinama.

Simlaumu Bibi. Alitufundisha adabu aliyofundishwa, na ningetoa chochote kumsikia tena akituhimiza tuamkie. Lakini nilijiona muuaji wa kaka yangu miaka yote hiyo, kwa punje moja. Nilirudi mlangoni nikakaa kizingitini, mvi zangu kichwani, nikamlilia Kulwa kwa sauti mbele ya wanangu.

Tulipotoka nilinunua karanga getini, nikarudi nikaweka punje mbili. Safari hii nilitazama juu.