Kochi la Mama Shuka

Katika hospitali aliyoitumikia miaka thelathini na mmoja, hakuna aliyemjua kwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Wauguzi, madaktari, wagonjwa, hata walinzi wa getini walimwita Mama Shuka, naye akaitika. Alikuwa mhudumu wa wodi. Aliosha, alibeba, aligeuza, alipiga deki, na zaidi ya yote alitandika vitanda. Aliweza kubadilisha shuka chini ya mgonjwa aliyelala na mgonjwa asiamke. Wauguzi wapya walipelekwa kwake siku ya kwanza kutazama anavyokunja kona, na somo lake lilikuwa fupi: kitanda kikitandikwa ovyo, mgonjwa anajua kwamba ameshasahauliwa.

Tangu astaafu, miaka miwili sasa, hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Ndiyo maana mwanawe alipompigia simu kwamba Jumamosi wanakwenda kununua kochi la nyumba mpya na wangependa awepo, alivaa gauni lake la bluu la kutokea, akafunga viatu, akakaa mlangoni saa nzima kabla gari halijafika.

Mwanawe anasoma mita za maji. Alizaliwa na mikunjo kwenye paji la uso, wakunga wakatania kwamba huyu kaja duniani akiwa ameshastaafu, na mpaka leo mama yake humwita Mzee. Ni mtu mpole, hana kelele na mtu. Upole wake una kasoro moja: habari mbaya huzitia mfukoni na kutembea nazo, akitumaini zitachakaa zenyewe. Asubuhi ile alisalimia, akauliza kama mama amekunywa chai, akauliza tena baada ya dakika tano. Mkewe alishuka ili kumwachia mama mkwe kiti cha mbele. Walibishana kwa heshima pale barabarani, huyu anasukuma, huyu anarudisha, mpaka Mama Shuka akashinda kwa kuingia nyuma na kufunga mlango.

Nyumba hiyo ilijengwa kwa miaka sita, kidogo kidogo. Mama Shuka aliiona kwa mara ya kwanza ikiwa haina paa. Mzee alimshika mkono, wakaruka matofali, akamsimamisha kwenye chumba kidogo cha mbele chenye dirisha moja na mlango wake wa kutokea nje. "Hiki chako, mama," alimwambia. Mama Shuka alikipima kwa hatua: nne kwa tatu na nusu. Kuanzia siku hiyo alikuwa akihamia humo kichwani mwake. Alishaweka kitanda upande wa kushoto, akakihamisha kulia kwa sababu ya jua la asubuhi, akakirudisha. Alishashona mapazia ya kijani. Alishampa taarifa mwenye nyumba wa vyumba viwili alivyopanga kwa miaka ishirini, na mpangaji mpya alishakuja kuchungulia mara mbili, mara ya pili akiwa na mkewe na tepu ya kupimia. Kitanda chake, kizito, cha mbao ngumu, alimpa jirani yake fundi cherehani, kwa kuwa Mzee alisema wasihangaike kukibeba, kitapatikana kingine.

Kingine cha namna gani, hakuuliza.

Duka la samani lilikuwa ghala la zamani lililopakwa rangi upya. Ndani kulinuka gundi na mbao mbichi. Makochi yalipangwa safu kwa safu, mengi yakiwa bado yamevaa nailoni, na njia kati yake ilikuwa nyembamba kiasi cha mtu kupita ubavu. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye penseli sikioni na maneno laini. Kila kochi walilosimama mbele yake alisema ni la mwisho.

"Na yale matatu pale yanayofanana nalo?" Mama Shuka aliuliza.

"Yale ni ya mwisho kabisa, mama yangu."

Mkwe alicheka, Mzee akacheka kwa kuchelewa. Mama Shuka akaanza kufurahia. Alikaa kwenye kochi la mahameli la watu watatu, akasema linameza watu, mgeni akikaa hapo mtamtoa kwa kamba. Alikaa kwenye la ngozi, akasema wakati wa joto litawavua watoto ngozi zao. Alipinda mgongo, akatazama chini ya miguu ya kochi moja, akamuuliza muuzaji kwa nini mguu mmoja umeazimwa kwingine. Muuzaji akaanza kumwita bosi. Kwa robo saa ile, Mama Shuka alikuwa kazini.

Kisha akagundua kwamba anafanya ukaguzi peke yake. Mkwe alikuwa ameshapita makochi yote ya mbele bila kukaa hata kwenye moja. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na stoo, kwenye yale yanayokunjuliwa yakawa kitanda.

Mama Shuka alimfuata, bado na ucheshi wake. Alimwambia kwamba hayo ni ya watu wasio na nafasi. Wageni wakija wataletwa chumbani kwake, atajibana nao, amezoea kulala na watu.

Muuzaji ndiye aliyejibu, na alijibu kama fundi. Alivuta kamba, kochi likatoa ulimi wake wa chuma na godoro, akauliza anayelalia hapo ni wa siku moja mbili au ni wa kila siku. Kwa sababu, alieleza, la wageni lina sponji ya inchi tatu, na la mtu wa kila siku lazima liwe na tano, la sivyo mgongo utamlaani aliyemuuzia.

"Wa kila siku," mkwe alisema, kwa sauti ya chini. Halafu akamgeukia mumewe. "Hukumwambia?"

"Nilijua umemwambia wewe."

"Mimi? Mama yako?"

Walikuwa wakinong'ona, lakini Mama Shuka alikuwa amefanya kazi za usiku miaka thelathini na mmoja. Masikio yake yalizoea kumsikia mgonjwa wa kitanda cha ishirini akibadilisha pumzi. Alisikia yote. Muuzaji naye alisikia, akagundua ghafla kwamba kuna nailoni mahali fulani inahitaji kukunjwa, akaondoka.

Maelezo yalikuja vipande vipande, mara kutoka kwa huyu, mara kwa yule, na kila kipande kilikuwa cha kweli. Zahanati ambako mkwe alikuwa akifanya kazi ya mapokezi ilifungwa miezi minne iliyopita. Mshahara wa mita hautoshi nyumba na ada za watoto wawili. Mkwe anajua kusuka na kuseti nywele, alifanya hivyo kabla hajaolewa, na chumba kile cha mbele kina mlango wake wa nje, wateja hawana haja ya kupita ndani. Masinki mawili ya kuoshea nywele yameshafungwa ukutani. Kioo kimeshaletwa. Vyumba vingine ni viwili tu, kimoja chao, kimoja cha watoto, na cha watoto kina vitanda viwili na hata mlango haufunguki wote.

Mama Shuka alisikiliza akiwa amesimama, mkoba mbele, mikono miwili juu ya mkoba. Alitafuta mahali pa kukasirikia hakupaona. Angekuwa yeye, angefunga masinki hapohapo. Pasingekuwa na chumba kingine cha kufaa. Hata dirisha lilikuwa upande mzuri kwa kioo.

"Ni kwa muda tu, mama," Mzee alisema.

Sentensi hiyo aliijua. Aliisema yeye mwenyewe kwa watu wasio na idadi. Wodi ikijaa, vitanda vya ziada viliwekwa kwenye korido, na ilikuwa kazi yake kuwaambia wanaopelekwa huko kwamba ni kwa muda tu, leo au kesho kutakuwa na nafasi ndani. Wengine walihamishwa kweli. Wengine walitokea huko huko korido kwenda nyumbani, au kwenda kule kwingine. Alikuwa ameona jinsi wanavyobadilika. Wa korido waliamka kabla ya kila mtu. Walijifuta uso, walikunja blanketi, walikaa wima wakijitia hawana maumivu, na toroli ikipita waliomba radhi, kana kwamba wao ndio walioziba njia. Hawakuagiza maji. Vitu vyao vilibaki kwenye mfuko, mfuko chini ya mto, na mfuko umefungwa.

"Muda gani, Mzee?"

Mzee alitazama sakafu. Mikunjo ya paji lake ilikuwa mingi kuliko ya mama yake.

"Nakuuliza nijue. Chumba kipo au hakipo?"

"Hakipo, mama."

Hilo angalau lilikuwa jibu. Mama Shuka alilipokea kama alivyozoea kupokea majibu ya daktari mlangoni: bila kulirudia. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kama ni hivyo, basi wanunue kochi la kawaida, dogo, la kukalia, na yeye ataenda kwa fundi cherehani kumwomba kitanda chake. Kiwekwe sebuleni, ukutani. Atakitandika vizuri, hakitamwaibisha mtu.

"Kikae pale pale," alisema. "Anayeingia akione, ajue kuna mtu analala hapa."

Safari hii aliyetazama sakafu alikuwa mkwe. Alishika mkono wa kochi lililokunjuliwa, akaanza kuuchuna uzi. Aliongea taratibu, na ilionekana kwamba kila neno linamgharimu. Wateja wakiwa wengi watasubiria sebuleni, alisema. Watu huja hata sita kwa mara moja, hasa Ijumaa. Wakikuta kitanda, na kitanda cha mtu mzima...

"Wataona wamekuja nyumbani kwa mgonjwa," Mama Shuka alimmalizia.

"Nisamehe, mama."

"Hujakosea, mwanangu. Mimi pia nisingesukwa hapo."

Mzee alisema labda wakae chini kwanza waongee, labda warudi wiki ijayo. Mama Shuka alimkumbusha kwamba mpangaji anaingia Jumatatu. Alimpa mkoba wake aushike, naye akaushika kwa mikono miwili. Kisha akamwita muuzaji kwa kidole.

Makochi ya kukunjuliwa yalikuwa manne. La kwanza alilibonyeza katikati kwa ngumi, akakuta chuma kilichopita mgongoni, akalikataa bila kulala. La pili lilipofunguliwa lilipiga kelele ya kuamsha mtaa. Aliuliza kama linakuja na mafuta ya kulainishia au wanunue wenyewe. La tatu lilikuwa zuri lakini lilihitaji watu wawili kulifunga, na alitaka kujua kila alfajiri huyo wa pili atatoka wapi. Muuzaji alikuwa ameacha kumwita bosi.

La nne alilifungua mwenyewe. Alivua viatu, akavipanga sambamba, akalala chali katikati ya ghala, na gauni lake la bluu alilivuta mpaka vifundoni. Watu wawili waliokuwa wakipima meza waligeuka, wakageuza tena nyuso haraka. Alilala hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kujaribu godoro, macho kwenye mabati ya dari. Aligeuka ubavu wa kushoto. Akageuka wa kulia. Halafu akaamka, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena, huku akihesabu kimya kwa midomo. Alimwambia mkwe kwamba kwa mazoezi kidogo, saa kumi na mbili asubuhi litakuwa limeshakuwa kochi na mito juu yake, hakuna mteja atakayejua.

"Mama, huna haja ya kuamka saa hizo," mkwe alisema.

"Nimeamka saa hizo maisha yangu yote."

Aliuliza mashuka yanaingia wapi. Muuzaji alimwonyesha boksi lililofichwa chini ya kiti, akalifungua na kulifunga mara mbili, akafurahi kupata kitu cha kuonyesha. Aliuliza na nguo zake. Mzee alisema wametoa droo mbili kwenye kabati la watoto. Mama Shuka alisema mbili zinatosha, hana nguo nyingi. Mapazia ya kijani hakuyataja, na kwa kuwa alikuwa ameyashona kimya kimya ili awashangaze, hakuna aliyejua kwamba yapo.

Muuzaji alichomoa penseli sikioni, akaleta kitabu cha oda pamoja na fungu la vitambaa vilivyokatwa vipande vidogo na kufungwa pete. Kulikuwa na kijivu, kahawia, wekundu wa matofali, bluu, na kingine chenye maua. Mkwe alilichukua lile fungu la vitambaa, akalifuta kwenye sketi yake ingawa halikuwa na vumbi, akamkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili.

"Rangi chagua wewe, mama. Yoyote. Hata ya maua."

Mama Shuka alivipitia vyote, kimoja kimoja, akavisugua kwa kidole gumba kama anayepima uzi. Alifika mwisho, akaanza upya. Kisha akamrudishia.

"Chagueni nyinyi," alisema. "Nyinyi ndio mtakaolikalia mchana. Mimi nitakuwa nimefumba macho."

Muuzaji alicheka, na alipoona anacheka peke yake akainamia kitabu chake. Mkwe alisimama na vitambaa mkononi, anavigeuza havioni. Mwishowe Mzee ndiye aliyesema kijivu, kwa sababu hakionyeshi uchafu, na muuzaji akaandika kijivu.