Mjomba Aliyewafuata Watoto Korongoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu alinikabidhi muswada na kalamu nyekundu, akasema, "Binti, safisha hii." Ofisi yetu ilikuwa Elerai, hapa Arusha, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila mteja aliyejaribu msumeno kule chini tulimsikia sisi wahariri. Muswada, kwa ninyi vijana, ni maandishi ya mwandishi kabla hayajawa kitabu. Huo ulikuwa hadithi ya watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili: ndugu watatu wanapanda Mlima Meru kumtafuta punda wao aliyepotea. Wanakutana na nyati msituni, wanavuka mto uliofurika, wanalala pangoni. Niliusoma bila kuinua kichwa. Nikasahihisha nukta, mikato na herufi kubwa, nikamrudishia.

Alifungua ukurasa wa nne, akavua miwani. "Sikukuambia usahihishe tu. Nimekuambia usafishe. Nyati wa nini hapa?"

"Ndiye anayewatisha, mzee."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mtoto akiweweseka, mzazi wake atamfuata nani, mwandishi au mimi?"

Basi nyati akawa ng'ombe. Mto uliofurika ukawa kijito cha kulowesha vidole vya miguu. Pango likawa nyumba ya shangazi. Niliyafanya hayo kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo yananiudhi. Ilipotoka prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla mashine haijachapa kitabu chenyewe, mwandishi alikuja kuipitia. Alikuwa Mwalimu Lomayani, aliyefundisha shule ya msingi huko upande wa magharibi wa mlima. Alisoma kurasa chache, akaifunga taratibu.

"Dada Aneth, hawa watoto wako safarini kweli? Mimi naona wameenda kumsalimia shangazi."

Kitabu kikachapwa, kikakaa madukani mpaka jalada likapauka kwa jua.

Miaka ikapita. Mhariri Mkuu alistaafu, mimi nikapewa meza ya vitabu vya watoto, na juu yetu akaja Mkurugenzi mpya aliyependa sana kutamka neno "kusisimua" kwenye vikao. Nikajua sasa tumepona. Nikampigia Mwalimu Lomayani simu, naye akaniletea hadithi mpya: mabinti wawili, mtu na binamu yake, wanaingia korongoni kutafuta kwa nini chemchemi ya kijiji imekauka. Mkurugenzi aliisifu kikao kizima. Mwishoni akasema, "Ila awepo mtu mzima. Waongezeeni mjomba."

"Mkurugenzi, mjomba ataharibu kila kitu."

"Mama Aneth, kitabu ananunua mzazi, hanunui mtoto. Mzazi anataka kuona kuna anayewaangalia."

Mjomba akaongezwa. Tochi anayo, kamba anayo, njia anaijua, nyoka anamuona yeye kwanza. Mabinti kazi yao ikawa kusema, "Asante, mjomba." Nilikuwa nikifika nyumbani Sekei nikiwa na hasira, mume wangu ananiuliza nimegombana na nani, namwambia nimegombana na mtu ambaye hayupo.

Asubuhi moja nikabeba prufu yenye mjomba huyo mpaka shule moja ya Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa mlima, nikaomba kuwasomea darasa la tano. Hawa ni watoto wanaochunga mbuzi makorongoni kabla na baada ya masomo. Walinisikiliza kwa adabu, adabu ile ya kanisani mahubiri yakirefuka. Nilipofika sura ya tatu, msichana mmoja, Nasieku, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu mjomba anawafuata wa nini?"

"Anawalinda."

Akafikiri kidogo. "Basi hii safari ni ya mjomba. Wao wamesindikiza."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu mjomba azaliwe. Nikafunga prufu, nikawasimulia iliyobaki kwa mdomo, bila yeye. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Jumatatu niliyarudia maneno ya Nasieku kikaoni. Mkurugenzi alikunja uso, nikakunja wangu. Tulivutana wiki mbili, mpaka tukakubaliana kwamba mjomba awepo, lakini sura ya pili ateguke mguu, abaki nyumbani akipaka dawa. Kitabu kikatoka. Nilipeleka shuleni kwa Nasieku boksi zima, nikakabidhi ofisini, nikaondoka nimeridhika kama mjinga.

Nilirudi mwaka uliokuwa wa mwisho kwangu kazini. Mwalimu Mkuu alinionyesha kabati kwa fahari. Lilikuwa na kufuli. Ndani, vitabu vyetu vyote, bado vimefungwa nailoni ya kiwandani.

"Tumevitunza, mama. Watoto hawa wangevichafua."

"Na Nasieku? Alikisoma?"

"Yule alishamaliza la saba. Nasikia wamehamia mbali."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Maisha yangu yote ya kazi nilidhani adui ni kalamu nyekundu. Kumbe unaweza kushinda vita ya nyati, ukashinda na ya mjomba, halafu hadithi ikafia kabatini ikiwa safi kabisa. Na mtoto hangoji. Hiyo ndiyo inayonichoma: miaka tisa hadi kumi na miwili inapita wakati watu wazima wako kikaoni.

Sikuomba ufunguo kwa upole. Niliudai, na nailoni nikazichana kwa meno pale pale mbele ya walimu.

Nilipostaafu niliagwa kwa keki na hotuba ndefu. Sasa kila Jumatano napanda Oldonyo Sambu, nafungua kabati mwenyewe, na anayetaka kitabu anaondoka nacho. Mwalimu Mkuu hajanizoea bado. Juzi alinipigia simu kwa sauti ya msiba.

"Shikamoo, mama. Kuna mwanafunzi alienda nacho machungani. Kimenyeshewa, jalada limetoka, na sura ya mwisho imeliwa na mbuzi. Tumpe adhabu gani?"

"Alikuwa amefika wapi?"

Nikasikia akimuuliza. "Anasema alibakiza hiyo hiyo sura ya mwisho."

"Basi mpe kingine, mwalimu. Mpe sasa hivi, nasubiri."